Kahawa Isiyochanganywa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kila mtu apate pa kukaa. Nitasema mimi peke yangu mpaka mwisho, kisha nitanyamaza, na kazi itakayobaki itakuwa yenu. Habari hii ina watu watatu, na kila mmoja alijua jambo moja kuliko wenzake wote.

Wa kwanza ni Spesioza. Yeye aliijua kahawa kwa mikono. Ukimpa kiganja kimoja cha kahawa yenye ganda lake, anaisugua kidogo, anaitia jinoni, kisha anakuambia kama imekauka au bado ina maji ndani. Aliolewa mbali, akaachika, akarudi kwa baba yake na watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha kuoshea kahawa, chini kidogo ya nyumbani kwao.

Wa pili ni Melkiori, mdogo wake Spesioza. Yeye aliijua njia. Alikuwa dereva wa lori, na kutoka milima ya Burundi hadi bandari ya Dar es Salaam hakuna mteremko ambao hakujua ushukwe kwa gia ipi. Mke wake na watoto walikuwa wamepanga Bujumbura. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa amemwambia atafute kazi nyingine.

Wa tatu ni Edina. Yeye aliijua bandari. Alizaliwa Ngara, ng'ambo ya mpaka, akaolewa na Fideli, kaka mkubwa wa Spesioza na Melkiori. Wakahamia Dar es Salaam. Fideli alifariki huko kwa homa, akazikwa huko huko, kwa sababu kumrudisha milimani kuliwashinda. Edina akabaki na binti yake, akifanya kazi kwa wakala wa mizigo. Alijua meli gani inangojewa, kontena la nani lina nafasi, na nani wa kumwona ukitaka jambo lako lisilale.

Baba wa Spesioza na Melkiori, ambaye ndiye baba mkwe wa Edina, aliitwa Barampama. Alikuwa na shamba la mibuni kwenye mteremko wa kilima cha Bukinga. Zamani babu yake alikuwa na mteremko mzima. Ukagawiwa watoto, watoto wakawagawia watoto wao, mpaka Barampama akabaki na kipande ambacho mtu akiwa juu akiongea kwa sauti ya kawaida, aliye chini anamsikia. Nusu ya mibuni ile aliipanda mwenyewe. Nusu nyingine aliipanda Fideli kabla hajahama.

Mnajua nchi yenyewe ilivyo. Haina bahari. Mafuta ya gari, saruji, dawa, mbolea, hata magunia ya kutilia kahawa, yote yanapanda kwa lori kutoka pwani. Kinachoshuka ni kahawa, chai, na vitu vingine vichache. Ndiyo maana malori mengi hupanda yamejaa na kushuka yakiwa na nafasi. Na kwa kuwa mkulima mmoja ana kahawa kidogo, kahawa yake humiminwa pamoja na ya jirani, ya jirani na ya kilima kingine, na inapofika baharini hakuna mtu duniani anayeweza kusema hii ni ya fulani.

Barampama aliishi hivyo miaka yake yote, wala hakulalamika. Lakini mwaka alioanza kuugua kifua, mnunuzi mmoja kutoka nchi za nje alipita kituoni akaonja kahawa za wakulima kadhaa. Alipofika kwenye ya Barampama akaonja tena. Akasema hiyo angeinunua peke yake, ilimradi imfikie bila kuchanganywa na nyingine.

Barampama akawaita watoto wake. Spesioza alikuwepo. Melkiori alikuja kutoka Bujumbura. Edina alikuwa kwenye simu, wakaiweka kitandani karibu na mkono wa mzee, sauti ikiwa juu ili kila mtu asikie.

"Nimechuma kahawa tangu sijaoa," mzee akasema. "Sijui hata punje moja ilifika wapi. Safari hii nataka ifike baharini ikiwa yangu. Atakayeifikisha bila kuchanganywa, shamba ni lake. Na msilikate. Likikatwa tena halitakuwa shamba."

Melkiori akamwuliza, "Baba, anayebeba mizigo ni mimi. Una maana mimi?"

"Nimesema atakayeifikisha."

Alikuwa amechoka. Akageukia ukutani. Hakuna aliyemwuliza tena siku ile, na baadaye hapakuwa na nafasi.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Spesioza alimwendea msimamizi wa kituo. Akaruhusiwa kuishughulikia kahawa ya baba yake kando, kwa sharti aifanye mwenyewe baada ya kazi za kituo. Akaichuma iliyoiva tu. Akaimenya, akailowesha, akaiosha, akaianika kwenye kichanja cha mwisho kabisa, mbali na vichanja vya wengine. Kila jioni aliigeuza kwa mikono na kuokota punje zilizopasuka. Nyumbani baba yake alikuwa akizidi kudhoofika, na Spesioza alimwachia jirani, mama mmoja aitwaye Venansia, amnyweshe uji.

Siku moja alasiri mvua ilikuja ghafla. Mvua ikija namna ile, wafanyakazi wote hukimbiza kahawa chini ya banda, na chini ya banda hakuna cha huyu wala cha yule, inamwagwa rundo moja. Spesioza akakataa kuipeleka ya baba yake. Akaifunika kwa turubai, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali akalala juu ya turubai lile kifudifudi, ameshika pembe mbili. Venansia akashuka kilimani akiwa amelowa.

"Baba yako anakuita," akamwambia. "Anasema ana neno la kukuambia."

"Mwambie nakuja mvua ikipita."

Mvua ilichelewa kupita. Spesioza alipofika nyumbani, baba yake alikuwa amelala kinywa kimepinda upande mmoja. Alimtambua, alimtazama, lakini sauti haikutoka, na haikutoka tena. Spesioza akamfuta mate, akavua nguo zilizolowa, akapika. Kesho yake akarudi kichanjani kuigeuza kahawa. Ilikuwa haijalowa. Ilipokauka sawasawa, akaipeleka mjini kukobolewa, akasimama kando ya mashine mpaka gunia la mwisho likashonwa. Kama si yeye, kahawa ile ingeishia kwenye rundo la bandani.

Melkiori alimwomba mwenye lori. Lori lilikuwa linashuka Dar es Salaam kuchukua saruji, likiwa na nafasi, na mwenye lori akakubali. Lakini dizeli haikuwepo. Melkiori alikaa kwenye foleni ya mafuta mpaka wauza karanga wa pale wakamzoea na kumwita kwa jina. Alipopata, akapakia magunia ya baba yake, akayafunga kando, akaenda kumuaga mzee. Mzee akamshika kidole kimoja cha mkono, akakaa nacho muda, kisha akakiachia.

Mpakani, mtandao ulikuwa umekatika na malori yamepangana hadi nje ya mji. Hakuna karatasi iliyogongwa muhuri. Dalali mmoja akamjia, akamwambia ana kontena la kahawa lililokwisha kukaguliwa, linavuka leo hii. Amwachie magunia yale machache, yamiminwe humo, yeye arudi zake.

"Kahawa ni kahawa," dalali akasema.

"Hii ni ya baba," Melkiori akajibu, akapandisha kioo.

Akiwa bado kwenye foleni, simu ikalia. Alikuwa Spesioza.

"Melkiori, baba ametutoka. Tunamzika kesho."

Madereva wenzake walimzunguka wakampa pole. Wakamwambia aende, Bukinga si mbali kutoka pale, wao watalitazama lori lake. Melkiori akawashukuru. Lakini alijua foleni ikianza kusogea, lori lisilo na dereva husukumwa pembeni na mzigo wake hushushwa ghalani, na ghalani magunia hukaa pamoja na magunia. Akabaki. Kesho yake, saa ambayo watu walikuwa makaburini, alichota maji kwenye dumu akaosha kioo cha mbele cha lori. Alipomaliza akakiosha tena. Siku ile foleni haikusogea hata kidogo. Angeweza kwenda kuzika na kurudi, na hakuna kitu kingeharibika, lakini hilo asingeweza kulijua mapema. Ilisogea siku iliyofuata, asubuhi, akavuka. Na madereva wawili ambao hawakuwepo kwenye malori yao asubuhi hiyo, mizigo yao ilishushwa ghalani.

Edina aliipokea kahawa Dar es Salaam. Magunia yale hayakutosha hata kona ya kontena, na kontena halisafiri likiwa tupu. Bosi wake alikuwa na mteja mkubwa aliyepungukiwa magunia machache kujaza kontena lake, na meli ilikuwa karibu. Akamwambia Edina aimimine kahawa ile humo, malipo yatatumwa Burundi, na kila mtu atakuwa amepata chake.

Edina akamjibu kwamba haichanganywi.

"Kwa nini?"

"Ni ya baba mkwe wangu. Amefariki wiki hii."

Bosi akampa pole, na alikuwa na nia njema. Kisha akamwambia kwamba kama mwenyewe amefariki, basi hakuna atakayeumia. Edina hakupandisha sauti. Akarudia kwamba haichanganywi, na funguo za ghala zilikuwa mkononi mwake. Jioni ile alizikabidhi funguo, akiwa amekwisha kuyahamishia magunia uani kwa rafiki yake, na kazi ikawa imekwisha. Alikuwa ameifanya tangu mumewe akiwa hai.

Siku zilizofuata alipita kwa kila mfanyabiashara aliyemfahamu. Wengi walikataa. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye kahawa ya Kagera akamwambia ana nafasi kwenye kontena lake, na yuko radhi magunia ya Burundi yapangwe upande mmoja, yatengwe kwa mbao, yapakwe alama nyekundu. Sharti lake ni kwamba Edina amfanyie kazi za bandarini msimu mzima bila malipo. Edina akakubali. Akasimama pale mpaka mbao zikapigwa misumari na mlango ukafungwa kwa lakiri. Akaitazama meli ikiondoka. Msimu ulipokwisha, hakuwa na kodi ya chumba. Akafunga vyombo vyake, akamchukua binti yake, akapanda basi kwenda Bukinga, kwa sababu hakuwa na kwingine. Wazazi wake Ngara walikuwa wamekwisha kufa.

Ujumbe wa mnunuzi ulifika kwenye simu ya Spesioza siku moja mchana akiwa anamenya viazi. Ulisema kahawa imefika, haijachanganywa, na watu wameinywa. Spesioza akausoma, akampa Edina simu, akaendelea kumenya. Edina akausoma, akampa Melkiori, aliyekuwa amekuja kuwasalimia. Melkiori akaurudia mara mbili, akaiweka simu mezani. Malipo yalikuja, wakayagawana, hayakuleta neno lolote.

Mimi wote watatu nawafahamu, na wote wamenisimulia kwa vinywa vyao. Niliwauliza kama siku ile walifurahi. Wakasema hapana. Kama walilia. Wakasema hapana. Spesioza aliniambia, "Ni kama umeukalia mguu mpaka ukafa ganzi. Unaushika, unajua ni wako, lakini huusikii." Akaniambia walikuwa wakingojea ganzi ile iachie, na bado wanangojea.

Lakini shamba halikungoja. Wapatanishi watatu wa kilima, watu wanaoaminiwa kuamua mashauri ya majirani, wakaja nyumbani, wakakaa sebuleni, wakawataka waseme. Maneno yao hayakuwa mengi.

Spesioza alisema asingeikinga na mvua, ingeishia rundoni. Melkiori alisema asingebaki mpakani, ingeishia ghalani. Edina alisema asingekataa bandarini, ingeishia kwenye kontena la mtu mwingine. Hakuna aliyepunguza la mwenzake. Mpatanishi mkubwa, Sinzinkayo, akawauliza kama kuna anayedai kwamba alifanya zaidi. Hakuna aliyedai.

Sinzinkayo akasema neno la marehemu lilikuwa kufikisha baharini, na aliyesimama baharini ni Edina. Tena nusu ya mibuni ile iliachwa na mumewe, na binti aliyenaye ni damu ya Barampama. Ameipoteza kazi yake kwa ajili ya kahawa ile, na nyumba pia.

Mpatanishi wa pili akasema hapana. Edina ni kijana bado, anaweza kuolewa kesho, na shamba likaenda kwa watu wasiojulikana. Aliyeivusha kahawa nchi nzima ni Melkiori. Mwana anayekubali baba yake azikwe na mikono ya wengine ili neno la baba litimie, atalipwa nini kingine? Na ni mwana wa kiume, kama desturi ilivyo.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Akasema desturi haikutajwa pale kitandani, wala barabara haikuwa na cha kubeba kabla ya Spesioza. Kahawa mbovu ikifika baharini ni mbovu tu. Na Spesioza ndiye pekee aliyekuwa akiishi juu ya shamba lile, ndiye atakayelala nje na watoto wake likipewa mwingine.

Hapo Spesioza akasema jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya watu.

"Baba alitaka kuniambia neno siku ya mvua. Huenda lilikuwa jina. Huenda alikuwa ameamua."

Melkiori akamtazama. "Na huenda alitaka maji ya kunywa," akasema taratibu.

"Maji yalikuwepo kwa mama Venansia."

Edina akauliza kama hawawezi kulimiliki kwa pamoja, wote watatu, bila kulikata. Mpatanishi yule mwanamke akatikisa kichwa kukubali. Lakini Spesioza akamjibu, "Wifi, sisi leo tunaweza. Watoto wetu wakiwa watu wazima? Watalikata siku tutakayozikwa." Melkiori akasema ni kweli. Edina mwenyewe akasema ni kweli.

"Shemeji," Edina akamwambia Melkiori, "chukua wewe. Mimi nitakwenda."

"Kwenda wapi?"

Melkiori hakusema nitachukua, wala hakusema sichukui. Aliniambia baadaye kwamba alitafuta moyoni kama analitaka, akakuta hajui, ingawa mgongo ulikuwa unamwuma palepale alipokaa na alijua vizuri kwamba hataweza kuendesha lori mwaka mwingine.

Wapatanishi wakaondoka bila kuamua. Walisema watarudi. Hawajarudi.

Hapo ndipo mambo yalipo hadi leo. Msimu mpya umeingia na mibuni ya Bukinga imekuwa myekundu. Nilipita juzi nikawaona wote watatu shambani, kila mmoja kwenye mstari wake, wakichuma bila kuongea, kwa sababu kahawa iliyoiva haisubiri mtu. Kituo kinafungua mizani Jumatatu. Kituo hupokea kahawa kwa jina la mwenye shamba, jina moja kwa shamba moja, na jina la marehemu hawalipokei. Kahawa isiyo na jina inamiminwa pamoja na ya wengine. Mnunuzi amekwisha kuuliza kama ya mwaka huu itakuja peke yake tena. Hawajamjibu.

Mimi nimefika mwisho, na sijui zaidi ya hapo. Sasa jiwekeni wenyewe pale kwenye mizani, watu watatu wako nyuma yenu na vikapu vyao, na karani anauliza: shamba la nani? Wewe ungemtajia jina gani? Na ukigeuka nyuma, hao wawili uliowaacha ungewaambia nini?